Chini ya Mwembe

Kila siku jioni, kengele ya michezo ikilia, wanafunzi hutoka madarasani kama nyuki watokao mzingani. Wengine hutafuta mpira, wengine hukamata kamba, wengine huanza kushindana mbio hata kabla mwalimu hajafika. Lakini katika shule nyingi nilizozitembelea nimeona jambo moja lisilobadilika: kando ya uwanja pana mti, na chini ya mti ule pana mtoto aliyekaa peke yake. Ukimwuliza, "Mbona huchezi na wenzako?" atakujibu, "Mimi siwezi, mwalimu." Pengine mguu wake ni mbovu. Pengine aliugua siku nyingi. Pengine alishindwa mtihani, akaona haya. Au ni mgeni, hana rafiki. Sababu ni nyingi, lakini kikao ni kimoja.

Watu wengi, wazazi na walimu pia, humtazama mtoto yule wakasema, "Maskini, mwacheni apumzike." Nao husema hivyo kwa wema. Mimi sikubaliani nao. Nasema kwamba kumwacha mtoto chini ya mti siku baada ya siku si kumhurumia, bali ni kumnyima dawa. Na dawa yenyewe ni hii: kutoka nje pamoja na wenzake, na kuutumia mwili wake kwa kadiri ya nguvu alizo nazo. Ninyi msomao maneno haya, nisikilizeni nieleze kwa nini nasema hivi. Kisha mpime wenyewe kama ni kweli.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yafananayo, yaani huzuni na kujionea huruma. Huzuni si kosa. Mtu akifiwa na mama yake, akalia, machozi yale ni haki yake, wala hakuna mwenye akili atakayemwambia anyamaze aende akacheze mpira. Mwenye huzuni humtazama yule aliyempoteza. Lakini mwenye kujionea huruma hujitazama mwenyewe tu. Wa kwanza husema, "Mama yangu hayupo." Wa pili husema, "Hakuna mtu duniani apataye taabu kama mimi." Huzuni ikipewa nafasi yake hupungua kidogo kidogo kadiri siku zipitavyo, bali kujionea huruma huzidi kadiri mtu akuleavyo. Ni kama kujikuna upele: mwanzo wake utamu, mwisho wake kidonda.

Tena mwenye kujionea huruma ni mwandika hesabu mbaya. Daftari lake lina upande mmoja tu. Ataandika kila kitu alichonyimwa, wala hataandika hata kimoja alichobakiwa nacho. Kama mwenye duka angefanya hivyo, akaandika fedha zitokazo bila kuandika ziingiazo, angejiona amefilisika, hali duka lake limejaa mali.

Mambo haya sikuyapata vitabuni tu. Mimi mwenyewe nilikaa chini ya mti. Nilipokuwa darasa la tano nilianguka nikichuma maembe, mfupa wa paja ukavunjika. Mfupa ulijiunga vibaya, mguu wa kushoto ukawa mfupi kuliko wa kulia, na hata leo nachechemea. Niliporudi shuleni, mwalimu wetu wa michezo alinionea huruma, akaniambia, "Wewe mwanangu, kaa pale mwembeni ulinde nguo za wenzako." Nikakaa. Nikalinda nguo mwaka mzima.

Mwanzo nilishukuru, kwa maana kivuli kilikuwa kizuri. Baadaye nilianza ile hesabu mbaya. Siwezi kukimbia. Siwezi kupiga mpira. Siwezi kupanda mti. Siwezi kwenda kisimani na kurudi upesi kama wadogo zangu. Kila jioni niliyarudia maneno hayo kama mtoto akaririye jedwali la kuzidisha, na kila jioni yaliongezeka. Kisha likaja jambo baya zaidi, ambalo naona haya kulisema, lakini nitalisema kwa faida yenu. Nilianza kuwachukia rafiki zangu. Walipofunga goli, nilinuna. Mmoja wao alipoanguka akachubuka goti, nilifurahi moyoni. Tazameni basi: mguu uliharibika kwa kuanguka, lakini moyo ulikuwa ukiharibika kwa kukaa.

Mwaka uliofuata akaja mwalimu mwingine. Siku ya kwanza aliniona pale mtini, akauliza, "Na huyu je?" Wenzangu wakajibu, "Huyo ndiye mlinzi wa nguo, mwalimu." Akasema, "Nguo hazina miguu, zitakwenda wapi? Njoo hapa, kijana." Nikaenda, nikamwonyesha mguu wangu. Akautazama kwa uangalifu, maana hakuwa mtu wa dharau, kisha akaniuliza, "Na mikono yako, nayo ilivunjika?"

Nikajibu, "La, mwalimu."

Akasema, "Basi shika kamba."

Siku ile nilizungusha kamba wenzangu wakiruka. Juma la pili nilisimama mstarini pamoja nao kwa mazoezi ya mikono na kifua. Kabla mwezi haujaisha niliwekwa nyuma kabisa katika mchezo wa kuvuta kamba. Kwa kuwa mtu wa mwisho kazi yake si kukimbia, bali ni kuwa mzito na kukataa kuondoka mahali pake. Na kukaa mahali pamoja nilikuwa nimekwisha kujizoeza mwaka mzima!

Kisha, siku moja ya Jumamosi, alitupeleka kupanda kilima kilicho nyuma ya shule. Nilidhani kwamba nitaachwa njiani. Lakini mwalimu aliniweka mbele ya wote, akasema, "Aliye mbele ndiye apimaye mwendo. Mtu asimpite." Basi darasa zima likapanda kwa mwendo wangu. Nilipopumzika, wote walipumzika. Nilipoinuka, wote waliinuka. Tukafika juu pamoja, tukihema pamoja. Nikageuka, nikatazama chini. Nikaona mto, na mashamba ya watu, na barabara iendayo mjini, na mabati ya shule yakimetameta juani. Nikautafuta mwembe wangu. Ulikuwa mdogo hata nikaweza kuuficha kwa kidole gumba. Nami kwa mwaka mzima niliudhani mti ule kuwa ndio dunia yote.

Mguu wangu haukurefuka siku ile. Kilichobadilika ni hesabu yangu.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimekwisha kuwa mwalimu, nilisoma habari za daktari mmoja aliyewatendea watu wazima, walioumia kupita mimi mara nyingi, jambo lile lile nililotendewa na mwalimu wangu. Jina lake Ludwig Guttmann. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1899, katika jamaa ya Kiyahudi. Mwaka 1917, alipokuwa kijana akisaidia kazi katika hospitali, aliletwa mchimba makaa ya mawe aliyevunjika mgongo. Ndani ya uti wa mgongo hupita mshipa mkuu wa fahamu, uchukuao amri za ubongo mpaka miguuni. Ukikatika, miguu hupooza, haisikii wala haiendi. Mchimba makaa yule alikuwa kijana mwenye nguvu, lakini Guttmann aliambiwa asijisumbue kuandika habari zake, kwa kuwa atakufa baada ya majuma machache. Ikawa hivyo. Desturi ya siku zile ndiyo hiyo: aliyevunjika mgongo alilazwa kitandani, akaonewa huruma, akangojewa afe. Na wengi walikufa, si kwa sababu ya mgongo wenyewe, bali kwa vidonda vya kulala na maradhi ya njia ya mkojo.

Guttmann akawa mtaalamu mkubwa wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1939 aliikimbia serikali ya Hitler iliyowatesa Wayahudi, akaenda Uingereza pamoja na mke wake na watoto wao wawili. Nayo Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikiendelea, serikali ya Uingereza ilimwomba asimamie idara mpya ya kuwatunza askari waliovunjika mgongo, katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury. Idara hiyo ilifunguliwa mwezi wa Februari mwaka 1944.

Daktari huyo hakukubali kungojea mauti. Kwanza aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kitandani kila baada ya saa 2, mchana na usiku, ili vidonda visitokee. Kisha akawapa kazi za mikono, kama vile useremala na kutengeneza saa. Kisha akawapa michezo. Aliona kwamba mtu aliyepooza miguu bado ana mikono na mabega na kifua, na viungo hivyo vikizoezwa vitaweza kufanya sehemu ya kazi ya miguu: vitamwinua kutoka kitandani, vitasukuma kiti chake cha magurudumu, vitamfanya akae wima asiyumbe.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, watu 16 walioumia vitani, wanaume 14 na wanawake 2, walikusanyika nje kwenye majani ya hospitali ile. Wakiwa wamekaa katika viti vyao vya magurudumu, walishindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Walikuwa wachache, lakini mbegu huwa ndogo sikuzote. Mwaka 1952 Waholanzi walikuja kushindana nao. Mwaka 1960, huko Rome, walikuwa watu 400 kutoka nchi 23. Leo mashindano yale huitwa Paralimpiki, nayo hufuata kila Olimpiki. Na Kenya ilipeleka wachezaji wake kwa mara ya kwanza mwaka 1972, huko Heidelberg. Tena mwaka 1984 mwanamke wa New Zealand, Neroli Fairhall, aliyepooza miguu, alilenga shabaha akiwa katika kiti chake katika Olimpiki yenyewe, huko Los Angeles, pamoja na wanawake wenye miguu mizima. Upinde haumwulizi auvutaye kama amesimama au amekaa.

Angalieni jambo hili sana. Guttmann hakuwaambia askari wale kwamba migongo yao ni mizima. Hakuwaambia wajidanganye. Kutazama upande mwema wa mambo si kusema uwongo. Ni kuandika pande zote mbili za daftari. "Miguu yangu imekufa" ni kweli. "Mikono yangu ni hai" ni kweli pia. Asemaye neno la kwanza tu amesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli yaweza kumwua mtu.

Pengine mtaniuliza, "Kwa nini lazima kutoka nje, tena pamoja na wengine? Je, mtu hawezi kujipa moyo akiwa chumbani mwake?" Swali hilo ni zuri, nami nitalijibu kwa mambo matatu.

La kwanza ni mwili. Mtu akaaye sana hukosa usingizi mzuri, hukosa hamu ya chakula, na mawazo yake huwa mazito. Akitembea, akavuta, akaruka, moyo wake hupiga kwa nguvu, damu hukimbia, jasho hutoka. Usiku hulala fofofo, na asubuhi taabu yake ile ile huonekana nyepesi kidogo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2020 kwamba watoto wa miaka 5 mpaka 17 yawapasa kufanya mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku, au zaidi. Wala halikusema kwamba ni watoto wazima peke yao. Liliwataja na wenye vilema.

La pili ni macho. Katika chumba, jicho hukutana na ukuta, kisha hurudi kwa mwenyewe. Nje, jicho huenda mbali. Huona mawingu, na watu wapitao na mizigo yao, na mwenzako ambaye hukujua ya kuwa naye ana shida, mpaka ulipoona viatu vyake au ukasikia pumzi zake. Huwezi kusema kwamba hakuna apataye taabu kama wewe, hali huyu hapa yu mbele yako anahema.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni kuhitajiwa. Anyanyuaye jiwe peke yake akichoka huliweka chini, wala hakuna ajuaye. Bali ashikaye kamba pamoja na wengine, akiiachilia, wengine huanguka. Hapo ndipo mtu agunduapo kwamba yeye si mzigo tu, bali ni mmoja wa wachukuzi. Maneno matupu hayawezi kumpa mtu ujuzi huo. Mwaka ule nilipokuwa mwembeni, watu wengi waliniambia, "Jipe moyo." Sikuona faida yake. Kamba ndiyo iliyonipa moyo.

Lakini sitaki mtu ayatumie maneno yangu kama fimbo. Mgonjwa mwenye homa asilazimishwe kukimbia, na mwenye kilema au maradhi ya kifua au ya moyo aulizwe kwanza daktari ni mazoezi gani yamfaayo. Tena iko huzuni nyingine ambayo si kujionea huruma hata kidogo. Mtoto akiwa hali, halali, haoni ladha ya kitu chochote kwa majuma mengi, huo ni ugonjwa, nao una matibabu. Huyo na amwambie mzazi wake, au mwalimu wake, au mganga wa hospitali, asione haya, kama vile asivyoona haya kusema kwamba jino linamwuma.

Sasa nataka kusema na ninyi mlio hodari uwanjani. Nimesema kwamba yule wa chini ya mti yampasa kuinuka. Lakini atainukaje, ikiwa kila ajapo mnamcheka? Mara nyingi mtoto hakai kivulini kwa sababu ya mguu wake, bali kwa sababu ya vinywa vyenu. Mkichagua timu, msimwache awe wa mwisho kila siku kama nazi iliyooza. Mkitembea, mwekeni mbele aliye dhaifu. Mkicheza mchezo asiouweza, tafuteni mahali pake katika mchezo ule: apige filimbi, ahesabu magoli, azungushe kamba. Lakini msimpe kazi ya kulinda nguo akaifanya mwaka mzima. Kazi ya kwanza iwe mlango, isiwe gereza. Leo azungushe kamba. Juma lijalo aivute.

Nanyi msidhani kwamba mnapoteza. Siku ile tuliyopanda kilima kwa mwendo wangu, wenzangu waliokuwa hodari wa mbio walifika wakicheka, wakaniambia kwamba njiani wameona mambo wasiyoyaona zamani, walipokuwa wakipita mbio: mzinga wa nyuki katika jabali, na chemchemi ndogo. Wote tulikunywa maji yake tuliposhuka.

Nawe uliye chini ya mti, neno langu kwako ni fupi. Sikuulizi kama taabu yako ni ya kweli. Naamini kwamba ni ya kweli. Sikwambii kwamba utapona, maana sijui, na mguu wangu mwenyewe haukupona. Nakuuliza swali nililoulizwa mimi: ni kitu gani ulichobakiwa nacho? Chukua daftari leo usiku, uandike upande wa kushoto kila kitu usichokiweza, na upande wa kulia kila kitu unachokiweza. Usifiche hata kimoja, wala upande huu wala upande ule. Kisha kesho, kengele ikilia, chagua kimoja cha upande wa kulia ukipeleke uwanjani. Kimoja chatosha kwa siku ya kwanza.

Wenzako watakupokea, au pengine siku ya kwanza watakutazama tu. Vumilia. Haba na haba hujaza kibaba. Nguo zao ziache pale pale mwembeni. Hazina miguu, hazitakwenda popote.